IOM ni Nini, na Nani Mwenye Kauli Ndani Yake?

 

Hivi karibuni alitujia mama mmoja na barua yenye nembo ya IOM. Barua ilisema viza ya kazi ya binti yake kwenda Ghuba imeshapitishwa na shirika hilo, iliyobaki ni kulipa ada. Mama alikuwa keshauza bangili zake. Tumeona ni wajibu wetu kueleza.

IOM ni Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Lilianzishwa mwaka 1951 kuwasaidia watu waliopoteza makazi yao Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia. Jina la sasa lilianza kutumika 1989, na mwaka 2016 likaungana rasmi na Umoja wa Mataifa. Makao makuu yapo Geneva, Uswisi.

Wenye shirika ni nchi wanachama, zaidi ya 170, Tanzania ikiwemo. Chombo cha juu ni Baraza, ambamo kila nchi ina kura moja, kubwa kwa ndogo. Baraza hupitisha bajeti na humchagua Mkurugenzi Mkuu kwa thuluthi mbili ya kura, kwa muhula wa miaka 5. Hata mkuu aliyepo anaweza kuondoka kwa kura: mwaka 2023 alichaguliwa Amy Pope wa Marekani, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho, ilhali mtangulizi wake, António Vitorino wa Ureno, naye aligombea.

Kwenye fedha mambo ni tofauti kidogo. Kila mwanachama huchangia gharama za uendeshaji kwa kiwango alichopangiwa. Lakini sehemu kubwa ya fedha ni michango ya hiari, na aghlabu mtoaji hutaja mradi anaoutaka. Kwa hiyo kura ni sawa, lakini mfuko wa mtoaji nao una sauti.

La muhimu kwetu ni hili: katiba ya IOM yenyewe inakiri kwamba nani aingie nchini, na wangapi, ni uamuzi wa kila nchi. Viza hutolewa na serikali ya nchi inayokwenda kupokea mgeni. Basi barua inayodai kuwa IOM imekupitishia viza inajikanusha yenyewe.

Ukiletewa barua kama hiyo, usitoe hata shilingi. Ipeleke kwenye ofisi ya Serikali inayosimamia kazi, na uulize ubalozi wa nchi husika. Ukiwa umeshadhulumiwa, nenda polisi bila kuona haya. Tumeamrishwa kuhakikisha khabari kabla ya kuifanyia kazi (Al-Hujuraat: 6), na aliyechukua mali kwa hadaa, mali hiyo ni haramu kwake mpaka airejeshe.

Yule mama alikuwa bado hajazituma fedha. Binti yupo nyumbani.

Wa Allaahu A'lam.