Adhabu Inayotangulia Hukumu

Karibu kila maandamano yanapokwisha Nairobi, hujitokeza mkubwa mmoja mbele ya kamera akasema kuwa mkusanyiko ule ulikuwa haramu kwa kuwa waandamanaji hawakuwa na kibali. Watu wengi huliamini neno hilo, hata baadhi ya wale waliotoka kuvuta moshi wa vitoa machozi. Lakini sheria ya Kenya haidai kibali cha kuandamana, na imekuwa hivyo tangu 1997.

Sheria ya Utaratibu wa Umma ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1950, na kwa miongo mingi ilimlazimu raia kuomba leseni kabla ya kuitisha mkutano. Katika vuguvugu la kudai mageuzi kabla ya uchaguzi wa 1997, wabunge wa chama tawala, KANU, na wa upinzani waliketi pamoja wakakubaliana leseni iondolewe, na badala yake iwekwe notisi. Kifungu cha 5 cha sasa kinamtaka mwandalizi amwarifu mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya tukio. Ataje jina lake, anwani, tarehe, saa na njia watakayopita. OCS anaweza kusema haiwezekani ikiwa kuna kundi jingine lililotangulia kutoa notisi ya mahali na wakati uleule, na anaweza kuusimamisha mkutano palipo na hatari dhahiri ya kuvunjika kwa amani. Hakupewa uwezo wa kupima kama ujumbe wa waandamanaji unapendeza. Kisha Katiba ya 2010 ikaja na Ibara ya 37: kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Tanzania nayo ilikuwa imeshapitia njia hiyo mapema zaidi, pale Jaji Lugakingira alipobatilisha masharti ya kibali katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila.

Notisi yenyewe, hata hivyo, ilibuniwa kwa ajili ya chama cha siasa chenye katibu, ofisi na muhuri. Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walisema wazi kuwa hawana kiongozi, hawana chama na hawana kabila. Wito ulisambaa kwenye X na TikTok, mijadala ikafanywa usiku kwa sauti mtandaoni, na barabarani wengine waliwasiliana kwa programu ya Zello. Nani hapo angeandika barua kwa OCS na kutia sahihi? Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ililijibu swali hilo mwaka 2020: kukosekana kwa notisi hakuufanyi mkusanyiko wa amani kuwa haramu, wala hakuwapi polisi sababu ya kuutawanya. Nchi yetu imeridhia mkataba unaosimamiwa na kamati hiyo. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa, kwa sababu mtu akitangazwa kuwa yumo katika mkusanyiko haramu, kila anachotendewa baada ya hapo huonekana kuwa halali.

Kwa upande wa maneno ya mtandaoni, mahakama zetu zimefanya kazi ya kupongezwa. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoadhibu ujumbe wa kuudhi au wa kumtia mtu wasiwasi, kwa kuwa hakuna awezaye kujua mapema neno lipi litaudhi kiasi cha kumpeleka jela. Mwaka 2017 Jaji John Mativo aliondoa kosa la jinai la kashfa: aliyechafuliwa jina aende kudai fidia katika kesi ya madai. Mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita alikibatilisha kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa ngao ya maafisa wa umma dhidi ya maneno ya kuwadunisha. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Nakuru ikakiondoa kifungu cha 77 cha Kanuni hiyohiyo kuhusu hujuma dhidi ya serikali, urithi mwingine wa ukoloni.

Mtu angetazamia kuwa baada ya ushindi wote huo mwananchi angeandika bila hofu. Lakini kesi hizo nne zote zilitokana na watu waliokuwa wameshashtakiwa tayari. Walikamatwa kwanza, haki yao ikatambuliwa baadaye. Na neno linalofutwa katika sheria moja hurudi kwa mlango mwingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilitiwa saini Mei 2018. Kifungu chake cha 23 kiliadhibu habari za uongo zinazoleta hofu au ghasia, au zinazoelekea kuharibu sifa ya mtu, kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10. Hapo kwenye sifa ya mtu ndipo kosa la kashfa lililozikwa mwaka uliotangulia lilipofufuliwa, likiwa na adhabu kali zaidi. Utekelezaji ulisimamishwa kwa muda, kisha Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho hakivunji Katiba.

Tarehe 7 Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao kaunti ya Homa Bay. Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi alikuwa amelalamika kuhusu maandishi kwenye X, na kosa lililotajwa lilikuwa kuchapisha habari za uongo. Homa Bay ina kituo cha polisi na ina mahakama. Hata hivyo alisafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi kituo cha Central, Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, mambo ambayo mtu hawezi kujitendea. Watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji.

Ibara ya 49 ya Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ikiwa muda huo unaishia nje ya saa za kazi za mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo sababu Wakenya wamezoea kusikia habari za Ijumaa ya kamatakamata. Anayekamatwa Ijumaa jioni hulala seli hadi Jumatatu bila mtu kuvunja sheria, na hata kesi ikitupwa, siku hizo tatu hakuna wa kumrudishia. Wengine hawakupata hata seli: Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa nyara baada ya kuchapisha picha na maandishi ya kumkejeli Rais, na baadhi yao wakaachiliwa Januari.

Kinachowalinda watu kwa sasa, kwa kiasi kikubwa, ni kamera. Tarehe 17 Juni 2025, katika maandamano ya kumlilia Ojwang, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu na polisi aliyeficha uso, na akafariki baadaye. Video zilizosambaa mtandaoni zilifanya tukio hilo lisiweze kukanwa, na afisa akafikishwa kortini. Siku nane baadaye, katika kumbukumbu ya waliouawa kwenye maandamano ya Juni 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya televisheni na redio viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya NTV, KTN na K24 ikazimwa. Mahakama Kuu ilisitisha amri hiyo. Nilipoisoma, nilitafuta ndani yake sababu ya kiusalama inayolingana na uzito wa kuwaziba macho raia wote, sikuiona.

Katika kosa la maneno, hakuna linalowazuia polisi kumpelekea mtu hati ya wito, aje mwenyewe kwenye mahakama iliyo karibu na kwake, akiwa na wakili. Maandishi ya X hayana haja ya kufuatwa usiku kwa gari. Yamo mtandaoni, yana tarehe na saa, na hata yakifutwa nakala hubaki. Na mlalamishi anapokuwa mkubwa wa polisi, wanaochunguza ni vijana wanaompigia saluti. Afisa wa cheo hicho anayeona jina lake limechafuliwa ana mahakama ya madai iliyo wazi kwake kama ilivyo wazi kwa mama mboga wa Gikomba: aajiri wakili, alipe ada, athibitishe uongo aliosingiziwa, na wadogo wake wasitumwe kumkamata mtu kwa niaba yake.