Banda Hujengwa kwa Siku Tatu, Mwalimu Je?

Apitaye katika bonde la Mathare asubuhi huzisikia sauti za watoto wakikariri hesabu kabla hajaiona shule yenyewe. Kuta ni za mabati, paa ni la mabati, na baina ya darasa na darasa pana ubao mwembamba usioweza kuzuia sauti. Mwalimu wa darasa la pili hungoja mwenzake wa darasa la tatu anyamaze, ndipo naye aanze. Shule za namna hii zilianzishwa na wakazi wenyewe, makanisa na vikundi vya kujisaidia, kwa kuwa shule za serikali bondeni na kandokando yake ni chache mno zikilinganishwa na wingi wa watoto. Hata baada ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa ya bure Januari 2003, shule hizo hazikutoweka. Zingali zikiwapokea wale ambao wengine hawakuwapatia nafasi.

Kila tuzungumzapo habari za shule hizo, sisi huhesabu mabati, madawati na vyoo. Leo ningependa tumhesabu mwalimu. Na ili tumhesabu vyema, sharti tutoke jijini kwa muda na kurudi nyuma hadi Githunguri, katika Kiambu, ambako mapema mwaka 1939 palifunguliwa chuo kidogo kilichoitwa Chuo cha Walimu cha Kenya.

Chuo hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1929 ulizuka mgogoro mkali baina ya misheni na Wakikuyu wengi kuhusu tohara ya wasichana. Desturi hiyo imepigwa marufuku na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2011, nami siitetei. Ninalotaka msomaji alitazame ni namna mgogoro ule ulivyoingia darasani. Baadhi ya misheni ziliwataka walimu wao waweke sahihi au alama ya kidole kuthibitisha kwamba wanaikana desturi hiyo. Waliokataa walipoteza kazi, na watoto wa wazazi waliokataa wakafungiwa milango ya shule. Wazazi wakatambua jambo ambalo pengine hawakuwa wamelifikiria: amwajiriye na kumfunza mwalimu ndiye mwenye shule, hata kama kuta zilijengwa na wengine.

Hapo ndipo zilipochipuka shule za kujitegemea. Katika miaka ya 1930 zilikuwa na vyama viwili vya kuzisimamia, kimoja cha Shule za Kikuyu za Kujitegemea na kingine cha Karing'a. Wazazi walichimba misingi, wakabeba mawe na kuezeka. Lakini banda lilipokwisha, swali lilikuwa lile lile: nani atasimama mbele ya watoto? Walimu waliofuzu walikuwa wamefunzwa na misheni zile zile au na serikali ya kikoloni. Shule zilikuwa nyingi, nao walimu wachache, na wengi kati yao walikuwa wamesoma kidogo tu kuwazidi wanafunzi wao.

Mwaka 1938 Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, alirejea nyumbani. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa shule ya Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani, akasoma Hampton, kisha Ohio Wesleyan, na hatimaye Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alikopata shahada ya uzamili katika elimu. Mtu mwenye elimu kama hiyo angaliweza kutafuta kiti cha starehe. Yeye alikwenda Githunguri. Viongozi wa shule za kujitegemea walikuwa na shule zisizo na walimu, naye alikuwa na ujuzi wa kufunza walimu, wakaafikiana.

Fedha zilitoka wapi? Serikali haikutaka kukikumbatia chuo kilichokuwa nje ya mkono wake. Kwa hiyo waasisi waligeukia utaratibu ambao jamii ilikuwa nao tangu zamani, yaani riika. Kila riika liliombwa lichange, na hakuna riika lililopenda kusikia kwamba limeshindwa na wadogo zake. Kina mama nao hawakubaki nyuma. Walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana, wakati ambapo wengi walidhani kumsomesha binti ni kumwagilia shamba la jirani. Miaka mingi kabla ya neno Harambee kuwa wimbo wa taifa letu changa mwaka 1963, Githunguri ilikwisha kuliishi.

Tusikipambe chuo hicho kupita kiasi. Kwa jina kilikuwa chuo cha walimu, lakini wengi wa waliosoma pale walikuwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari, na waliosomea ualimu hawakuwa wengi. Hilo si ajabu, kwani huwezi kumfunza ualimu asiyepata kwanza masomo ya kutosha. Fedha zilikuwa shida isiyokwisha. Jomo Kenyatta, aliyerejea kutoka Uingereza Septemba 1946, alikiongoza kuanzia mwaka 1947 Koinange alipokwenda ng'ambo, na mwaka huo huo akawa rais wa chama cha KAU. Hivyo mkuu wa chuo alikuwa pia kiongozi wa siasa, na kalamu ilishikwa kwa mkono ule ule ulioshika bendera.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Kenyatta akatiwa mbaroni, chuo kikafungwa pamoja na shule nyingi za kujitegemea, na Githunguri, palipofunzwa watu kuandika ubaoni, pakawa mojawapo ya mahali ambapo serikali ya kikoloni iliwanyonga watu. Mkoloni alielewa thamani ya chuo kile vizuri kuliko baadhi yetu. Alijua kwamba shule ikifungwa yaweza kufunguliwa tena chini ya mti. Lakini ukikata kisima cha walimu, mti huo utabaki na kivuli tu.

Sasa turudi Mathare. Bonde hili nalo lilionja ukali wa Hali ya Hatari, vijiji vyake vikabomolewa. Baada ya uhuru watu walirudi, na wengi wa wakazi wa miaka ile ya 1960 walitoka Mkoa wa Kati, nchi ya zile shule za kujitegemea. Wakaunda kamati zao, wakajenga shule za watoto wadogo bila kungoja ruhusa. Ukiwatazama wajukuu wao leo wakipigilia bati la darasa, utaona kwamba mkono ni ule ule. Kinachokosekana ni nusu ya pili ya hekima ya Githunguri. Tumejenga mabanda, hatukujenga njia ya kumfunza anayesimama ndani yake.

Mwalimu wa shule hizo mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne papo hapo mtaani. Anawajua watoto kwa majina na anazijua nyumba zao. Mshahara wake hutegemea karo za wazazi ambao nao hutegemea vibarua. Sheria ya mwaka 2012 ya Tume ya Huduma za Walimu inataka kila mwalimu awe amesajiliwa, na hawezi kusajiliwa pasipo kufuzu. Aidha, cheti cha P1 kimeachiwa njia stashahada iliyoanza mwaka 2021. Viwango hivyo ni vyema, nami sitaki mtoto wa Mathare afunzwe na yeyote tu kwa sababu eti ni maskini. Lakini tumwambie nini kijana huyu? Akienda chuoni kwa miaka mitatu, darasa lake litabaki bila mtu, na hana wa kumlipia. Akibaki, anafundisha kinyume cha sheria. Tumemwekea mlango, tukasahau kumwekea ngazi.

Ngazi yenyewe si jambo geni. Tangu mwaka 1967 nchi hii ilikuwa na masomo ya ualimu kwa njia ya posta na redio, yaliyoendeshwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kutoka Kikuyu. Walimu wasiofuzu walisoma wakiwa kazini, wakafanya mitihani, wakapanda daraja. Ikiwa taifa maskini lenye umri wa miaka minne liliweza jambo hilo kwa barua na redio, je, sisi tulio na simu mkononi na vyuo vya ualimu katika pembe zote za nchi twashindwaje?

Pendekezo langu ni fupi. Vyuo vya ualimu hukaa vitupu nyakati za likizo. Vifunguliwe kwa walimu wa mabanda, wasome vipindi vya Aprili, Agosti na Desemba. Mwalimu aliyesajiliwa wa shule ya serikali iliyo jirani awe mlezi wa wawili watatu miongoni mwao. Wakati wakisoma, wapewe kibali cha muda chenye tarehe ya mwisho, ili sheria iwe fimbo ya kuongozea njia, isiwe rungu. Nao wahisani wanaokuja Mathare kupiga picha mbele ya darasa jipya waombwe kulipa karo ya mwalimu mmoja kwa kila darasa wanalojenga.

Kwa wanafunzi wa ualimu wanaosoma safu hii, nawaachia jambo moja la kutafakari. Wazee wa Githunguri, wengi wao wasiojua kusoma, walichanga senti zao si kwa ajili ya watoto wao tu, bali kwa ajili ya watakaowafunza watoto wa wenzao. Banda la Mathare laweza kusimama kwa siku tatu, na moto au mafuriko yaweza kuliondoa kwa usiku mmoja. Mwalimu aliyefunzwa vyema, banda likiondoka, yeye angali shule.