Kwa nini roboti kubwa za michezo ya video hutaka zaidi ya kidhibiti cha kawaida?

Mwezi Septemba mwaka 2002 kampuni ya Capcom iliingiza sokoni nchini Japani mchezo wa video uliouzwa pamoja na meza yake ya uongozaji. Meza hiyo ilikuwa na vitufe na swichi zipatazo 40, fimbo mbili, mkono wa gia wenye nafasi tano za kwenda mbele, na makanyagio matatu ya kuwekwa sakafuni. Mchezo huo, uliojulikana Japani kwa jina la Tekki na kwingineko kwa jina la Steel Battalion, ulifika Marekani miezi miwili baadaye kwa bei ya takriban dola 200. Wakati huo bei hiyo ilitosha kununua mtambo mzima wa Xbox, na bila mtambo huo mchezo usingechezeka.

Roboti haikuondoka mara moja. Mchezaji alipaswa kuinua swichi tano, moja baada ya nyingine, kisha kusubiri mashine iamke ndipo abonyeze kitufe cha kuwasha injini. Palikuwa na kitufe cha kuosha lenzi ya kamera, na kingine cha kuzima moto. Chini ya kifuniko cha plastiki kilifichwa kitufe cha rubani kujirusha nje. Aliyechelewa kukibonyeza roboti yake ilipokaribia kulipuka alimpoteza rubani wake, na kumbukumbu yote aliyokuwa ameihifadhi ikafutwa. Kazi ya wiki kadhaa iliweza kupotea kwa sababu ya kidole kilichosita.

Meza ile haitengenezwi tena, lakini swali lililoizaa bado lipo. Mtu anayetaka kuongoza mashine ya namna hiyo leo ananunua kifaa gani, na anakipangaje ili fedha yake isiende bure?

Miguu upande huu, kifua upande ule

Jibu linaanzia katika mwili wa roboti yenyewe. Katika ulimwengu wa BattleTech, ulioanza Marekani mwaka 1984 kama mchezo wa kuchezwa mezani na baadaye ukazaa michezo ya kompyuta ya MechWarrior, mashine za vita zina uzito wa kuanzia tani 20 hadi 100, nazo hutembea kwa miguu. Miguu inaweza kuelekea kaskazini huku kifua, kilichobeba silaha, kimegeuzwa mashariki kumkabili adui. Rubani asiyeweza kutenganisha viwili hivyo atalazimika kusimama kila anapotaka kulenga shabaha, na anayesimama hupigwa.

Kwa hiyo kuna mambo manne ya kuongozwa kwa wakati mmoja: mwendo, upande wa miguu, upande wa kifua, na kulenga juu au chini. Dereva wa gari la mchezo huhitaji usukani, mafuta na breki tu. Mtu mwenye vifaa vya rubani wa ndege, kinyume chake, anakuta kila kitu kina mahali pake: fimbo hugeuza kifua na kulenga, makanyagio ya miguu ya mchezaji hugeuza miguu ya roboti, na wenzo wa mkono wa kushoto huamua mwendo. Wenzo huo una sifa moja ambayo kijiti cha padi hakina: hubaki pale ulipoachwa. Kijiti cha padi hurudi katikati kila kidole gumba kinapoondoka, hali mashine ya tani 100 inatakiwa kuendelea kutembea wakati mikono ina shughuli nyingine.

Wamarekani walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1990 kilifunguliwa mjini Chicago kituo cha BattleTech ambako wateja walilipia kuketi ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa, kila kimoja kikiwa na fimbo, wenzo, makanyagio na vitufe vyake. Japani nayo ilikuwa na vyumba vya aina hiyo kwa mashabiki wa katuni za Gundam, kuanzia mwaka 2006 hadi huduma yake ilipofungwa mwaka 2021. Ndani yake mchezaji alishika fimbo mbili na kukanyaga makanyagio mawili, akizungukwa na skrini iliyopinda kama kuba.

Fimbo mbili ni mapokeo mengine kabisa. Mchezo wa Virtual-On wa kampuni ya Sega, wa katikati ya miaka ya 1990, haukuwa na usukani wala makanyagio. Fimbo zote mbili zikisukumwa mbele, roboti huenda mbele. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, huzunguka papo hapo kama katapila. Zikitanuliwa nje, huruka. Aliyewahi kupiga makasia mawili ya mtumbwi huhitaji dakika chache tu kuelewa. Mapenzi ya Wajapani kwa fimbo hizo hayakufa, kiasi kwamba mwaka 2018 kampuni ya Tanita, ijulikanayo zaidi kwa mizani ya kupimia uzito wa mwili, ilikusanya michango ya mashabiki ili kuzitengeneza upya.

Kipanya hushinda, lakini

Muuzaji wa vifaa huenda asiseme jambo hili: katika michezo ya MechWarrior, kifaa cha kulengea kwa usahihi zaidi ni kipanya cha kawaida cha kompyuta. Kipanya huuonyesha mchezo mahali hasa pa kulenga. Fimbo kwa kawaida huueleza upande wa kwenda na kasi ya kwenda, kisha mkono hulazimika kuirudisha katikati shabaha inapofikiwa. Ndiyo maana wengi wanaoshindana kwa dhati katika MechWarrior Online hutumia kipanya na kibodi. Anayenunua fimbo ananunua raha ya kuketi ndani ya mashine, na raha hiyo ni sababu ya kutosha. Anayeinunua kwa kutumaini ushindi atasikitika.

Kwa anayeanza, fimbo moja inayoweza kusokotwa hutosha. Logitech Extreme 3D Pro ni mfano unaojulikana sana: ikiinamishwa hugeuza kifua na kulenga, ikisokotwa hugeuza miguu, na kiwenzo kidogo kilicho chini yake hushika mwendo. Mambo yote manne yamo katika mkono mmoja. Kasoro yake ni kwamba kiganja kinachosokota huvuta pia shabaha pembeni bila kukusudia. Hapo ndipo makanyagio yanapokuwa na thamani, na huenda yakawa nyongeza bora kuliko wenzo wa fahari wenye taa.

Wanaopenda fimbo mbili huelekea kwenye Thrustmaster T.16000M, kwa kuwa sehemu zake za kiganja hubadilishwa ili itumike kwa mkono wa kushoto au wa kulia. Fimbo hiyo hupima mwinamo kwa vihisi vya sumaku. Fimbo nyingi za bei nafuu hutumia kipande kinachosuguana ndani, na msuguano huo hukila kadiri siku zinavyopita, hadi shabaha ianze kutetemeka pasipo mkono kuigusa. Anayenunua fimbo iliyokwisha tumika aichomeke kwenye kompyuta kabla ya kutoa fedha, aisukume polepole hadi kila pembe, kisha aiachie: alama kwenye skrini irudi katikati na itulie. Isipotulia, bei ishuke au biashara iishe hapo.

Onyo jingine linawahusu wenye PlayStation na Xbox. Fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta haitambuliwi na mitambo hiyo kwa sababu tu waya wake unaingia kwenye tundu. Ni lazima kifaa kiwe kimetengenezwa kwa mtambo husika, na mchezo wenyewe uwe unakikubali. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ambako vijana hulipia muda wa kucheza vibandani, padi ndiyo inayotawala, na si kila mchezo wa roboti huhitaji zaidi ya hapo. Armored Core VI, uliotoka Agosti 2023, umeundwa kwa ajili ya padi: silaha nne, mikono miwili na mabega mawili, zimegawiwa vitufe vinne vya vidole vya mbele. Taabu yake ni kwamba kuruka na kuchupa kando hudai kidole gumba kilekile kinachogeuza kamera. Baadhi ya wachezaji hukunja kidole cha shahada juu ya vitufe kama ukucha. Padi yenye vitufe vya ziada mgongoni huondoa adha hiyo.

Meza, kiti na mipangilio

Vifaa vikishafika, kosa la kwanza hutokea sakafuni. Makanyagio mepesi huteleza mbele kila yanapokanyagwa. Ubao mmoja, uliofungwa makanyagio kwa skrubu upande mmoja na kukaliwa na miguu ya kiti upande wa pili, humaliza tatizo. Fimbo nayo iwekwe chini kiasi cha kuacha kiwiko kikipumzika. Inayowekwa juu ya meza ndefu huchosha bega kabla ya nusu saa.

Ndani ya kompyuta, mipangilio mitatu hustahili subira. Wa kwanza ni eneo la katikati ambalo mchezo hupuuza mtikisiko wa fimbo. Likiwa dogo mno kifua hutambaa chenyewe. Likiwa kubwa mno mkono husukuma na kitu hakitokei. Wa pili ni mwitikio: fimbo ilegezwe karibu na katikati ili kulenga kuwe laini, na ikazwe pembeni. Wa tatu ni sifuri ya mwendo. Wengine huiweka katikati ya wenzo, nusu ya nyuma ikawa kurudi kinyumenyume; wengine huiweka mwisho kabisa na kutenga kitufe cha kurudi nyuma. Njia ya pili huongeza usahihi wa mwendo, ila katika taharuki kitufe husahaulika.

MechWarrior 5: Mercenaries, wa mwaka 2019, una tabia yake: kifaa usichokijua hukitambulisha kwa faili la maandishi ambalo mchezaji hulihariri mwenyewe, akitaja kila mhimili na kitufe. Kazi hiyo hutisha, lakini mashabiki hugawana mafaili yaliyokwisha andikwa. Aliyefanikiwa ahifadhi nakala.

Kuna waliojaribu kuviondoa baadhi ya vifaa. Mwaka 2012 Capcom ilitoa Steel Battalion: Heavy Armor, ambamo mchezaji alipunga mikono hewani mbele ya kamera ya Kinect ili kuvuta nyenzo zisizokuwapo. Kamera ilikosea ishara mara kwa mara, na wahakiki waliushutumu mchezo huo vikali. Kifaa kilichozaa matunda zaidi kilikuja mwaka 2018: kidhibiti cha Xbox kwa watu wenye ulemavu, chenye matundu 19 ya kuchomekea swichi, fimbo na makanyagio ya kila namna. Asiyeweza kutumia vidole vya mkono mmoja anaweza kufyatua kombora kwa goti.

Meza za mwaka 2002 zilizosalia nazo hazijatupwa. Xbox ya kwanza ilitumia mfumo wa USB wenye kichwa cha umbo tofauti, hivyo mashabiki wamebadilisha kichwa hicho na kuandika programu zinazoziwezesha kufanya kazi kwenye kompyuta za leo, pamoja na michezo ambayo haikutungwa kwa ajili yake. Kila swichi hupewa kazi aitakayo mwenyewe, hata kile kitufe kilicho chini ya kifuniko cha plastiki.