GARI LA WAGONJWA NCHINI MAREKANI: NI MAILI ZIPI HULIPIWA?

Wananchi wenye jamaa wanaoishi Marekani, hususan wazee waliowafuata watoto wao huko, wanaelezwa hapa namna hati ya madai ya gari la wagonjwa inavyotayarishwa. Hati hiyo humfikia mtu ilhali maradhi au msiba umemshughulisha, na aghalabu hulipwa bila ya kusomwa. Maelezo haya yanahusu Medicare, yaani bima ya afya ya Serikali ya nchi hiyo kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi na baadhi ya walemavu, na yanahusu magari ya barabarani tu.

Madai huwa mawili. La kwanza ni ada ya kumchukua mgonjwa, ambayo hupanda kwa kadiri ya huduma aliyoihitaji njiani. La pili ni maili, na kima cha maili ni kile kile, huduma iwe ya msingi au ya juu.

Inafaa ifahamike kuwa maili inayolipiwa ni ile ambayo mgonjwa yumo ndani ya gari. Tuchukue mfano. Gari limetoka kituoni na kwenda maili 6 hadi nyumbani kwa mgonjwa, likampakia, likamfikisha hospitali iliyo umbali wa maili 9.32, kisha likarejea kituoni kwa maili 12. Safari nzima imezidi maili 27, lakini zinazodaiwa ni 9.4. Maili 6 za kwenda na 12 za kurudi hazimo katika hesabu ya maili. Ama ile 9.32 kuwa 9.4, hiyo ni kanuni iliyoanza tarehe 1 Januari, 2011: safari isiyozidi maili 100 hupandishwa hadi sehemu ya kumi ya maili iliyo mbele. Kabla ya hapo ilipandishwa hadi maili kamili, na mgonjwa huyu angeliandikiwa 10.

Mgonjwa akifariki baada ya gari kuitwa lakini kabla ya kupakiwa, ada ya msingi hulipwa, ila maili haidaiwi hata moja. Wakipakiwa wagonjwa wawili pamoja, maili hugawanywa baina yao.

Mahali alipochukuliwa mgonjwa, wala si anwani ya nyumbani kwake, ndipo panapoamua kima. Akichukuliwa shamba, maili 17 za mwanzo huongezewa nusu ya kima cha kawaida cha shamba. Kwa hiyo hati mbili za umbali mmoja zaweza kutofautiana pasi na udanganyifu wowote.

Linalowaumiza wengi ni uchaguzi wa hospitali. Medicare hulipia hadi hospitali ya karibu inayofaa. Neno “inayofaa” lina uzito wake: mzee aliyepatwa na kiharusi, ikiwa hospitali ya jirani haina uwezo wa kumtibu, basi ile ya mbele yenye uwezo ndiyo huhesabiwa ya karibu. Lakini jamaa wakitaka apelekwe mbali zaidi kwa kuwa daktari wake aliyemzoea yuko huko, maili za ziada huwa juu yao wenyewe. Ni rai ya mwandishi kwamba familia izungumze jambo hili mapema, maana mlangoni, mgonjwa yumo kitandani na gari linanguruma, hakuna anayepima maili.

Kwa safari iliyokubaliwa, mgonjwa hulipa asilimia 20 ya kima kilichoidhinishwa, baada ya kutimiza kile kiasi anachotakiwa kujilipia kwanza kila mwaka. Mwenye gari haruhusiwi kumdai zaidi ya hapo. Wenye bima za makampuni hawana kinga kama hiyo kila mahali. Sheria ya kuzuia madai ya ghafla, iliyopitishwa mwaka 2020 na kuanza kutumika mwaka 2022, iliyahusu madai ya ndege za wagonjwa na kuyaacha magari ya barabarani. Baadhi ya majimbo tu ndiyo yaliyojitungia sheria zake.

Asiyeridhika na uamuzi wa Medicare anayo haki ya kuomba uangaliwe upya katika siku 120 tangu kupokea taarifa ya malipo. Ombi liwe kwa maandishi, na liambatanishwe na nakala ya taarifa hiyo pamoja na maelezo ya daktari juu ya sababu ya kuchaguliwa hospitali ile.