Motoka inayoleta mwenye ulemavu isimame wapi?

Mu Makomeno kunaishi wazee wengi waliofanya kazi Gécamines. Kuna wale walioondoka na ODV ya miaka 2003 na 2004, kuna wale waliongoja pensheni. Leo mumoja kisukari kimemukata muguu, mwingine mugongo uliharibika kazini na haukupona tena. Mutoto akiwa na motoka, anamupandisha papa na kumupeleka Sendwe ao ku banki. Njiani hakuna neno. Shida inaanza pa kusimama.

Mwenye kutembea anashuka hata mlango ukifunguka nusu. Mwenye kiti cha magurudumu, hapana. Mlango ufunguke wote, kiti kisogezwe pembeni, breki ifungwe, kisha mutu abebwe ao ajivute mwenyewe pole pole. Ndiyo sababu Ufaransa nafasi ya wenye ulemavu inapimwa mita 3,30 kwa upana, na mwenye kuichukua bila haki analipa amende ya euro 135. Upana ule si heshima tu. Ni mahali pa kiti.

Kwetu Lubumbashi kuna tena jambo ambalo Wafaransa hawana. Tunatembeza motoka upande wa kuume wa barabara, lakini motoka nyingi tunazonunua ziko na usukani kuume. Papa ukimuketisha mbele, yuko kushoto. Ukisimama pembeni ya njia, mlango wake unafunguka upande wa ba taxi-bus na ba manseba! Muketishe nyuma, upande wa kuume, hata kama anasema mukubwa anakaaka mbele.

Na upande ule wa kuume kuna nini? Mufereji. Mvua ikinyesha umejaa maji, jua likiwaka umejaa chupa. Kiti kinaweza kuvuka tu pale penye kidaraja mbele ya lupango ao mbele ya duka. Sasa angalia pa farmasi siku yoyote: ni pale pale mwenye haraka ameacha motoka yake. «Dakika mbili tu, niko nakuya!» Yeye anaweza kuruka mufereji. Mwenye kiti anabaki ndani ya motoka, dirisha wazi, anamungoja mutu mwenye miguu miwili.

Sheria hazikosi. Katiba ya 2006, katika artikle ya 49, inamupa mwenye ulemavu haki ya kulindwa kufwatana na mahitaji yake. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za wenye ulemavu, na artikle ya 9 inaagiza vizuizi viondolewe mu majengo na mu barabara. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe, numero 22/003. Lakini ile alama ya buluu yenye mutu katika kiti, mu njia tunazopitia kila siku, ni ya kutafuta. Mutu aliyeumia mugodini anaweza kupata rente ya CNSS, ni haki yake. Rente haimuvushe mufereji.

Wengine watasema: mukiweka nafasi za bure, kila motoka itapata kilema wake. Woga ule una sababu. Kinshasa, pa Beach Ngobila, wenye ulemavu walipunguziwa malipo ya kuvuka kwenda Brazzaville, na wafanya biashara wakajifunza upesi kupitisha mizigo yao juu ya trisikle zile. Ubelgiji, kule watoto wa wengi wetu wanaishi, walikata neno hivi: karte ni ya mutu, haina numero ya motoka. Iko na foto yake. Akipanda motoka ya jirani ao taxi, karte inamufwata. Asipokuwa ndani, mutoto wake hawezi kuitumia akienda kununua mukate. Kwangu mimi, mairie ikianza kesho, ianze na ile kanuni. Tukiandika haki juu ya motoka, tutaona majipu yenye alama ya buluu, na ndani vijana wazima.

Mbele ya kungoja mairie, kuna mutu mumoja wa kusemeshwa: sentinelle. Pa banki, pa farmasi, pa kanisa, ni yeye njo anapangaka motoka, anaonyesha huyu hapa, yule kule. Mwenye duka amwambie tu kwamba kidaraja hakisimamiwi na motoka, na pembeni yake nafasi moja inabaki wazi. Dereva akiisha kumushusha muzazi, aondoe motoka, mwingine aingie. Kwa alama, mawe mawili yaliyopakwa chokaa yanatosha.