MIONZI HAINA HARUFU: DAFTARI NDILO SHAHIDI

Maji yapitayo Serengeti na Tarime hayaishii huko. Mto Mara, ukiisha kupokea vijito vya Tarime, ukiwamo Tigithe unaopita jirani na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, hujimwaga katika Ziwa Viktoria. Maji ya ziwa hilo ndiyo wanayokunywa na kuvulia ndugu zetu wa Rukuba, Irugwa, Ukara na Ukerewe. Kwa hiyo usalama wa ardhi na mito ya wilaya hizi mbili si jambo la wenyeji wake peke yao. Ni jambo la visiwani pia, na ni jambo la Serikali.

Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini na kuingia Tigithe. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi na samaki wakafa; Serikali ikaunda kamati, nayo ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo kuwa sababu. Wapo walioridhika na jibu hilo, na wapo ambao hawakuridhika. Nyakati kama hizo maneno huenea upesi kuliko maji yenyewe, na miongoni mwa maneno hayo limo moja linalotisha kuliko yote: mionzi. Tunapenda leo kulizungumza neno hilo kwa utulivu, kwa sababu wanaoliogopa bila kulijua wanaumia, na wanaolipuuza bila kulijua wanaumiza wengine.

Kwanza ni lazima tutenganishe mambo. Asidi, zebaki na sayanidi ni sumu za kikemikali. Madhara yake ni makubwa, lakini si mionzi. Dhahabu nayo si madini ya mionzi. Urani inayozungumzwa sana katika nchi yetu iko Namtumbo mkoani Ruvuma, na huko Bahi na Manyoni. Hata hivyo, kila mwamba una urani na thori kidogo ndani yake, na mwamba ukivunjwa na kusagwa kwa wingi, hapana budi mabaki yake yapimwe. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambako huchimbwa fosfeti ya kutengenezea mbolea, wataalamu walipima na kukuta mionzi ya asili iliyozidi ile ya kawaida, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Minjingu inajulikana kwa sababu ilipimwa.

Mionzi tunayoizungumzia ni ile yenye nguvu ya kupenya mwilini na kuvunja viungo vya ndani kabisa vya chembe hai, pamoja na chembe za urithi. Haionekani, haina harufu, wala haiumi inapopita. Ikiwa nyingi mno kwa mara moja, mtu huugua katika siku au majuma machache. Lakini ikiwa kidogo, mwili hutengeneza sehemu kubwa ya kilichoharibika, na kile kisichotengenezwa sawasawa chaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuwa saratani. Hapo ndipo penye ugumu wote wa jambo hili: kosa hutendeka leo, na maradhi huja wakati waliotenda wamekwisha kustaafu.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana kwa msiba. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945, watu wapatao 120,000, wakiwamo wasiokuwapo mijini siku hizo ili kulinganisha, walifuatiliwa kuanzia mwaka 1950 na kuendelea. Saratani ya damu ilianza kuongezeka miaka michache tu baada ya mabomu. Saratani za matiti, mapafu, tumbo na viungo vingine zilianza kuongezeka baada ya miaka kama 10, na hatari hiyo iliwaandama walionusurika maisha yao yote. Waliokuwa watoto siku ile waliathirika zaidi kuliko waliokuwa watu wazima. Baadhi ya watoto waliokuwa tumboni, hasa kati ya juma la 8 na la 15 la mimba, walizaliwa na vichwa vidogo na upungufu wa akili.

Wasomaji wetu wa visiwani wangefaa kukijua kisa cha wenzao wa Rongelap, katika Visiwa vya Marshall kwenye bahari ya Pasifiki. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini. Upepo ukalipeleka jivu jeupe hadi Rongelap, na watoto wakalichezea. Watu waliondolewa baada ya siku mbili hivi, kisha mwaka 1957 wakarudishwa nyumbani wakiambiwa pako salama. Mwaka 1963 vivimbe vya tezi ya shingo vikaanza kuonekana, na baada ya muda wengi wa wale waliokuwa watoto chini ya miaka 10 wakawa na maradhi ya tezi hiyo. Mtoto aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja siku ya jivu alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1972. Mwaka 1985 wakazi walikihama kisiwa chao kwa hiari yao, kwa kuwa hawakuliamini tena neno la wakubwa. Kilichowapotea, pamoja na afya, ni imani. Na imani ikipotea, hata kipimo cha kweli hakisadikiwi.

Sasa tuseme habari ya urithi, maana hapa ndipo watu wasio na hatia huhukumiwa. Ni kweli kwamba mwaka 1927 mwanasayansi Hermann Muller alionyesha kuwa mionzi ya eksirei hubadilisha chembe za urithi za nzi wa matunda, na mabadiliko hayo hupita kwa vizazi vyao. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Lakini kwa binadamu, uchunguzi wa watoto wapatao 77,000 waliozaliwa baadaye na walionusurika mabomu ya Japani haujaonyesha ongezeko la dhahiri la maradhi ya kurithi. Uchunguzi wa watoto wa wazazi waliopatwa na mionzi ya Chernobyl, uliochapishwa mwaka 2021, nao haukuona ongezeko la mabadiliko mapya ya urithi. Hatusemi kwamba hatari haipo kabisa. Tunasema kwamba kama ipo, ni ndogo kiasi cha kutoonekana hata katika makundi hayo.

Kwa hiyo mama wa Nyamongo au wa Mugumu aliyejifungua mtoto mwenye kilema asinyoshewe kidole. Asiambiwe kwamba ana laana, wala asiambiwe bila kipimo chochote kwamba damu yake imeharibiwa na mionzi na hafai kuzaa tena. Vilema vya kuzaliwa vina sababu nyingi, na pengine hakuna sababu ijulikanayo. Tusimwongezee mzigo mtu ambaye tayari amebeba wake.

Je, mionzi ya kutengenezwa na watu iko wapi katika wilaya hizi? Iko kwanza mahali tunapokimbilia kupona. Mashine za eksirei huokoa maisha, na picha moja ya kifua humpa mgonjwa mionzi kidogo kuliko anayoipata kwa mwaka mzima kutoka katika ardhi na anga. Hata hivyo, mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Uingereza alieleza kwamba watoto waliopigwa eksirei wangali tumboni walipata saratani zaidi ya wenzao, na madaktari wakabadili desturi zao. Ndiyo sababu mwanamke yapasa aulizwe kama ni mjamzito kabla ya kupigwa picha, na ndiyo sababu mfanyakazi wa chumba hicho yapasa awe na kifaa chake cha kupimia mionzi, wala kisiwe kimefungiwa kabatini.

Pili, viwanda, migodi na makandarasi wa barabara duniani kote hutumia vipimio vyenye chanzo cha mionzi, kama sisiamu 137, ambayo huchukua miaka 30 kupungua nusu. Kipimio kama hicho kikitupwa, kwa macho ni chuma tu. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu walichukua kifaa kutoka katika zahanati iliyoachwa, wakakiuza kwa mfanyabiashara wa chuma chakavu. Unga uliong'aa buluu ukagawanywa kwa ndugu na majirani kama kitu cha ajabu. Watu 4 walikufa, 249 wakakutwa wamepatwa na unga huo, na zaidi ya watu 100,000 ikabidi wapimwe. Wilaya ya Tarime ina mgodi na ina mpaka wa Sirari. Biashara ya chuma chakavu ni riziki ya vijana wengi, na ni haki yao kuijua alama ya mionzi kabla ya kukutana nayo.

Sheria tunazo. Tume ya Taifa ya Mionzi iliundwa kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 1983, na mahali pake pakachukuliwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Viwango vinavyotambuliwa na mataifa vinajulikana: mfanyakazi asizidishe wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na raia asizidishiwe zaidi ya milisivati 1, mbali na mionzi ya asili na ya matibabu. Lakini sheria peke yake haiwezi kumlinda mtu wa Kewanja au wa Rukuba kama matokeo ya vipimo hayamfikii.

Tunatoa rai tatu kwa viongozi wetu. Maji, udongo na samaki wa bonde la Mara vipimwe kwa ratiba, si baada ya mtafaruku tu, ili iwepo hesabu ya siku njema ya kulinganisha na siku mbaya. Matokeo yasomwe katika mikutano ya vijiji, kwa Kiswahili chepesi, bara na visiwani. Na daftari la mionzi aliyoipata kila mfanyakazi, pamoja na daftari la wagonjwa wa saratani wa mkoa, yatunzwe kwa miaka isiyopungua umri wa mtu, kwa kuwa atakayekwenda Bugando kutibiwa miaka 30 ijayo atahitaji kujua alifanya kazi wapi na alipimwa kiasi gani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ni mali kuliko zote. Watoto wanaooga leo katika Mto Mara watakapokuwa wazee na kuuliza, itapasa pawe na ukurasa wa kuwajibu.