Mpe Mtoto Kopo Lake la Udongo

Mzazi wa mjini akiulizwa kwa nini halimi na mwanawe, mara nyingi hujibu kwamba hana nafasi. Nyumba ni ya kupanga, ua ni wa wapangaji wote, na palipobaki pametandwa kamba za nguo. Jibu hilo lina ukweli, lakini ndani yake mna dhana kwamba kinachomfundisha mtoto ni ukubwa wa bustani. Mimi sikubaliani na dhana hiyo. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 anahitaji mmea mmoja ulio wake kwelikweli, anaoruhusiwa kuumwagilia, kuushika, kuuchunguza na hata kuuharibu. Shamba la ekari nzima ambalo yeye ni mtazamaji au kibarua tu halimpi kile anachopewa na kopo moja aliloachiwa mikononi.

Wazo la kumpa mtoto kitalu chake ni la siku nyingi. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, na ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa chekechea tulizo nazo leo, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake mbali na vile vya wote. Karibu zaidi na kwetu yupo Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Katika kitabu chake Unbowed anasimulia jinsi mama yake alivyommegea kijishamba chake mwenyewe ndani ya shamba la nyumbani. Naye, kama watoto wote, akawa anafukua mbegu ili aone kama zimeota. Mama hakumfukuza shambani. Alimwambia azifunike tena na aziache zitoke zenyewe. Mwaka 1977 mtoto huyo, sasa profesa, alianzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt Movement, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisemi kwamba kijishamba ndicho kilichompa tuzo. Maisha ya mtu hayana chanzo kimoja. Ninachokitazama ni mwenendo wa yule mama: alitoa ardhi, akatoa mbegu, akamwacha mtoto akosee, kisha akamrekebisha kwa maneno machache.

Tuchukue mfano wa kunde, kwa kuwa ni mbegu kubwa inayoshikika vizuri na vidole vidogo. Loweka punje chache usiku kucha, asubuhi zitakuwa zimevimba na ngozi imelegea. Zibane kati ya ukuta wa glasi na pamba yenye unyevu, mahali ambapo mtoto ataziona bila kuomba msaada. Katika joto la Pwani, baada ya siku moja au mbili mzizi mweupe unachomoza, na daima mzizi ndio unaotangulia. Nyuma yake shina linakuja limejikunja, linasukuma, halafu linajinyoosha likiwa limebeba zile nusu mbili za punje. Sasa mwambie mtoto ailaze glasi ubavu. Kesho yake ncha ya mzizi itakuwa imekata kona na kuelekea chini tena, ingawa hakuna aliyeigusa. Nani kauambia? Una macho? Mzazi asiyejua la kujibu asione haya. Aseme tu, “Tuigeuze upande mwingine tuone,” na hapo mwanawe amekwisha kuingia katika sayansi, kwa kuuliza na kujaribu. Ila mbegu ichaguliwe kwa busara. Kwa mtoto wa miaka 4, miezi kadhaa ni muda mrefu mno. Mchicha huota kwa siku chache tu na huchumwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo anaweza kuula kabla hajausahau. Mwembe ni mti mzuri wa kupandwa na familia, lakini si mwalimu wa kuanzia.

Wadudu watakuja bila kualikwa, na hapo ndipo watu wazima wengi huharibu kila kitu. Vidukari wakijaa kwenye ncha changa za kunde, sisimizi nao hupanda shina. Mtoto akitazama kwa makini ataona kwamba sisimizi hawali majani: wamefuata maji matamu yanayotolewa na vidukari, na kwa ajili ya maji hayo wanawalinda. Kwenye mdimu au mlimau, hata uliopandwa ndani ya ndoo, anaweza kuja kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Akiwa mchanga, kiwavi huyu anafanana na kinyesi cha ndege, na ndege humpita. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa nyuma ya kichwa pembe laini zenye harufu kali. Mzazi akikimbilia dawa ya kunyunyiza, ameokoa majani kumi na kumpokonya mwanawe somo ambalo hakuna kitabu cha picha kinachoweza kulifidia. Tawi moja liachwe liliwe. Ndimu za kununua zipo sokoni siku zote. Kipepeo anayetoka kwenye gamba lake mbele ya macho ya mtoto hauzwi popote.

Faida za kiafya zipo pia, ingawa zisitiwe chumvi. Katika jiji la Guangzhou nchini China, watafiti waliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule, na shule nyingine zikaachwa na ratiba yake ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, takriban watoto 30 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, na katika kundi la pili walikaribia 40. Watoto wale hawakulima. Walikuwa nje tu, kwenye mwanga wa mchana. Lakini kopo la mchicha ni sababu nzuri ya kumtoa mtoto nje kila asubuhi na jioni bila kubembelezana. Huko Finland nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, viwanja vya baadhi ya vituo vya kulelea watoto vilitandikwa nyasi na udongo wa msituni. Baada ya siku 28 tu watoto waliochezea hapo walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria kwenye ngozi, na damu yao ilionyesha dalili za kinga ya mwili inayojimudu vizuri zaidi.

Msomaji makini atapinga hapo, na atakuwa na haki: udongo wa Finland si udongo wa Tanga. Kwetu kuna safura, mnyoo anayepenya kwenye ngozi ya miguu mitupu, na kuna mayai ya minyoo mingine yanayoingia kwa vidole vichafu. Kuna pepopunda. Kuna mbu wanaozaliana katika maji yaliyotuama, wakiwemo wale wa dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Hofu hiyo ni ya kweli, ila inadai tahadhari na si marufuku. Mtoto avae viatu, anawe kwa sabuni, na chanjo zake ziwe zimekamilika. Samadi iwe imeoza kabisa, na udongo usichotwe karibu na choo, gereji au mahali paka wanapojisaidia. Visahani vya chini ya makopo vimwagwe maji kila baada ya siku chache, maana kiluwiluwi huhitaji takriban wiki moja au zaidi kuwa mbu. Dawa za wadudu zikae mbali naye. Mnyonyo, mbono kaburi na mnyaa isipandwe mahali mtoto anapofika: mbegu za miwili ya kwanza ni sumu, na utomvu wa mnyaa unaunguza macho.

Pingamizi jingine halisemwi kwa sauti, nami naliona zito kuliko yote. Wazazi wengi waliijua bustani ya shule kama mahali pa adhabu: aliyechelewa alipalilia, aliyepiga kelele alichota maji. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, na wanafunzi washiriki kuamua mambo yake. Katika shule nyingi uamuzi ulibaki kwa mwalimu na jembe likabaki kwa mwanafunzi. Mtu aliyekulia hivyo ana sababu ya kuuliza kwa nini amrudishe mwanawe kwenye jembe alilolikimbia. Jibu langu ni kwamba tatizo halikuwa udongo. Tatizo lilikuwa kulima bila kuwa na chochote chako ndani yake. Ndiyo maana nasisitiza kopo liwe la mtoto, na kumwagilia kusigeuzwe kamwe kuwa adhabu. Akisahau na mche ukakauka, asigombezwe. Apewe mbegu nyingine.

Kuhusu nafasi, wakazi wa mtaa wa Kibera, Nairobi, walikwisha kujibu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi huko zilianza kupanda sukuma wiki na mchicha kwenye magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni, kwa msaada wa shirika la Kifaransa la Solidarités. Magunia yalisimama milangoni na kwenye vichochoro. Mtoto wako anahitaji pungufu ya hapo: dumu la mafuta la lita 5 lililokatwa juu na kutobolewa chini, udongo uliochanganywa na mboji, na mahali penye jua la nusu siku. Maji ya kuoshea mchele yanatosha kumwagilia. Basi tafuta dumu hilo wiki hii, mpe mwanao mbegu mkononi, na umwache achague mwenyewe pa kuliweka.